Ng'ombe wa Septemba Huuawa Januari

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga mwezi Septemba, ukishaipita Usagara, utawaona. Mbavu unazihesabu ukiwa umekaa kwenye basi. Wanakwenda kwa mstari, vichwa chini, wananusa ardhi isiyo na kitu, na kijana aliyejifunga shuka anawafuata kwenye vumbi. Ndani ya basi hakosi wa kusema, "Kiangazi cha mwaka huu kimezidi." Mwenzake ataitikia kwamba mvua za siku hizi hazieleweki, na hoja itafungwa hapo hapo, maana mvua haina wakili.

Mimi Septemba nimeacha kuilaumu. Familia yetu ina eka 12 Misungwi, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Ghuba ya Mwanza, na kadiri ninavyoyatazama malisho yetu na ya majirani ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ng'ombe anayekufa Septemba ameuawa Januari. Ameuawa wakati majani yapo kila mahali, maziwa yanatosha hadi ya kugawa, na hakuna mtu nyumbani mwenye wasiwasi.

Sababu iko chini ya udongo. Nyasi hujitengenezea chakula kwa majani yake. Ng'ombe akizikata mara moja akaondoka, zinatumia majani yaliyobaki pamoja na akiba iliyoko sehemu ya chini ya shina na mizizini kuchipua upya, na baada ya wiki kadhaa akiba hiyo inajaa tena. Lakini akirudi siku ya tano kukata kile kichipukizi (na atarudi, kwa sababu hakuna kitamu kama kichipukizi), nyasi zinachota akiba ambayo haijarudishwa. Ni sawa na mtumishi anayekopa mshahara wa mwezi ujao kila mwezi. Mizizi inafupika, na mizizi mifupi haiyafuati maji yaliyozama. Nyasi nzuri zinakufa taratibu, zinabaki zile ambazo ng'ombe hazitaki: ndulele, ndago, miiba. Anayepita njiani anaona kijani anasema malisho yapo. Kijani cha ndulele hakijawahi kumnenepesha ng'ombe wa mtu.

Kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba, hulegea kati ya Januari na Februari, kisha hurudi Machi hadi Mei. Hapo kwenye kulegea ndipo pabaya. Nyasi zimeshachipua, ng'ombe wameshazizoea, mvua imekatika kidogo, na kundi bado liko palepale lilipokuwa tangu Novemba kwa sababu ndipo karibu na nyumbani. Ukija kuondoa ng'ombe sehemu hiyo mwezi Agosti ukasema unapumzisha malisho, unajidanganya. Nyasi za Agosti zimelala, hazikui, kwa hiyo hazina cha kupumzikia. Mapumziko yanahesabika wakati wa kukua tu, na wakati wa kukua ni huo huo ambao kila mtu anaona majani ni ya bure.

Hili wazee walilijua bila semina. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na ngitili. Mvua zikianza, kipande cha ardhi kinafungwa: hakuna kuchunga, hakuna kuchoma moto. Nyasi zinakua, zinatoa maua, zinadondosha mbegu, kisha zinakauka zikiwa zimesimama. Kwingine kukishaisha, Julai au Agosti, ngitili inafunguliwa, tena kidogo kidogo na si kwa kila mnyama. Wanatangulia maksai, ng'ombe wanaonyonyesha, ndama na walio dhaifu. Watu wa mjini hudhani maksai wanapendelewa kwa heshima. Wanapendelewa kwa sababu ya jembe. Mvua ya kwanza ikinyesha maksai wakiwa mifupa, hawavuti. Ukisubiri wiki tatu wapate nguvu, pamba na mahindi yamechelewa wiki tatu, na hizo wiki tatu utazikuta zimepungua kwenye magunia. Malisho ya Agosti ni sehemu ya mavuno ya mwaka unaofuata, ingawa kwenye makadirio ya bwana shamba sijawahi kuona mtu ameyaandika hivyo.

Ngitili zilipotea kwa sababu nyingi zilizorundikana. Enzi ya ukoloni misitu ilifyekwa maeneo makubwa ili kumfukuza mbung'o. Pamba ikatanuka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikahamisha watu, wakaacha nyuma ngitili zao, na mahali pageni hapakuwa na aliyejua kipande kipi ni cha nani. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa wazi kabisa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway, na kilichouletea sifa si miche iliyopandwa bali kuwarudisha watu kwenye kufunga ardhi. Visiki vya migunga vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua vyenyewe. Ilipofika 2004 ngitili zilizorudishwa zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Ulinzi haukuwa wa askari wa misitu. Kikao cha wanakijiji, dagashida, ndicho kilichopanga sheria na faini, na sungusungu ndio waliokamata. Usukumani unaweza kubishana na polisi, ila ukishatengwa na dagashida hata moto wa kuwashia jiko hupewi.

Nataja Shinyanga kwa sababu upande wetu wa ziwani hadithi ni nyingine kidogo. Ardhi ni finyu, watu ni wengi, na mbuga nyingi zilizokuwa za ng'ombe sasa ni majaruba ya mpunga. Ngitili ya hekta 100 ya kijiji kizima hapa haipo. Ipo ya familia, eka chache. Yetu ni eka 5, pale itogolo, ule udongo mgumu wa mteremkoni, unapoanza kugeuka kuwa mbuga nyeusi, yaani mfinyanzi. Juu kabisa, kwenye luseni, udongo wa kichanga, ndiko zilipo nyumba, mihogo na viazi vitamu. Katikati ni mahindi na pamba. Chini, mbuga, ile inayopasuka nyufa za kumeza mguu wakati wa kiangazi.

Tufanye hesabu, maana mitandaoni naona watu wanaahidiana ng'ombe 20 kwenye eka 5 kwa "mfumo wa kisasa". Ng'ombe wetu hawa wa asili, wenye nundu, aliyekomaa ana kilo 250 hivi. Kwa siku anahitaji chakula kikavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6 na kidogo. Tuseme 6. Julai hadi Oktoba ni siku 120 hivi, kwa hiyo kichwa kimoja kinataka kilo 720. Eka 5 ni hekta 2. Nyasi za asili zilizotunzwa, mvua ikiwa ya wastani, nikizikadiria tani 2 kwa hekta sijajipendelea. Jumla tani 4. Nusu unaiacha ardhini, ifunike udongo, ilishe mchwa, ibakize mbegu. Umebakiwa na kilo 2,000. Gawanya kwa 720.

Ng'ombe wawili na robo tatu. Baba mdogo aliposikia aliuliza huyo wa robo tatu atakosa mguu upi.

Ndiyo hali halisi ya shamba dogo, na ndiyo maana ngitili haiwezi kuwa jibu la kundi zima. Kwetu ni ya maksai wawili na mama anayenyonyesha, basi. Wengine wanaishi kwa mabua ya mahindi, marando ya viazi, masalia ya mpunga baada ya kuvuna, na mashudu ya pamba tunapokuwa na hela. Nyasi zilizokauka zikiwa zimesimama hujaza tumbo lakini zimepungukiwa protini. Konzi chache za mashudu asubuhi zinamwezesha ng'ombe kuzitumia vizuri hizo nyasi, kwa hiyo hazipotei. Tumepanda pia lukina, mti wa malisho, kwenye mpaka. Majani yake yana protini nyingi, ila yasizidi theluthi ya anachokula mnyama kwa siku, kwa sababu yana sumu inayoweza kumnyonyoa manyoya.

Mfaransa mmoja, André Voisin, mfugaji na mwanasayansi, aliandika miaka ya 1950 kwamba kinachoua malisho ni muda zaidi ya idadi: nyasi zimeachwa kwa muda gani, na ng'ombe wamekaa hapo kwa muda gani. Wanaopenda kuzungusha ng'ombe kwenye vitalu humnukuu sana. Nakubaliana naye, ila naongeza kwamba hesabu ya hapo juu haidanganyiki. Muda ukiupanga vizuri unapata nyasi zote ambazo ardhi yako inaweza kutoa. Zaidi ya hapo hupati, hata ukichora vitalu vya kuvutia namna gani.

Nje ya ngitili tuna eka 3 za malisho ya masika, tumezigawa vitalu vinne. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayeishi nao hao ng'ombe, hatumii kalenda. Ana buti zake za mpira amezichora mstari kwa rangi ya mlango, katikati ya muundi. Nyasi zikifika kwenye mstari, ng'ombe wanaingia. Zikishuka hadi kifundo cha mguu, wanatoka, hata kama ni siku ya tatu. Machi zinarudi kwenye mstari haraka, kama wiki tatu. Februari ya jua kali hata wiki sita hazitoshi, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu: wanafuata zamu waliyoizoea wakati nyasi haziko tayari. Vitalu vikikataa vyote vinne, anawafungia zizini na kuwakatia majani. Ni kazi ngumu. Mikono yake haina tofauti na ya mvuvi.

Kabla ya kuingiza anachuchumaa na kupanua fundo moja la nyasi kwa vidole, kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Anatafuta kule chini: shina bado jeupe na gumu au limelegea, udongo kati ya mafundo umefunikwa na majani makavu au uko wazi na umeganda ukoko. Ukoko ukiwepo, mvua ikinyesha maji yanateleza kwenda ziwani yakiwa mekundu. Fundo likiwa na takataka zake chini, ukigusa udongo saa sita mchana unakuta bado una ubaridi. Nimewahi kuwaleta wenzangu wa ofisini wakaona malisho mawili yaliyopakana, letu na la jirani, wakasema yanafanana. Kwa mbali yanafanana kweli.

Vitalu vinataka uzio, na uzio ndio unaowashinda wengi. Seng'enge ukiifunga leo, kesho kutwa imehamia kwa mtu mwingine. Ya umeme wa sola inasifiwa sana, bei yake naiachia wenye kusifia. Sisi tumetumia minyaa, kama mababu. Unakata matawi, unayaacha kivulini siku chache kidonda kikauke, unayachomeka kwa kubanana mvua zikianza. Miaka mitatu, minne, ng'ombe hapiti. Mahali penye pengo tunaweka mkonge. Shida ya minyaa ni utomvu wake. Ukikuingia jichoni, utakesha. Watoto hawaruhusiwi kusogea siku ya kukata, na anayekata hapaswi kujifuta jasho kwa mkono hata awe nani.

Zamani uzio wa malisho ulikuwa mtoto. Wavulana walichunga, wakajua kila kichaka na mpaka wa kila ngitili. Sasa wako shule, na hilo hakuna wa kulijutia, lakini hakuna aliyekaa chini kuuliza ile kazi yao itafanywa na nani. Ikaangukia kwa mchungaji wa kuajiriwa, anayelipwa kwa mwezi au kwa mtamba mwisho wa mkataba. Wengine ni hodari kuliko wenye ng'ombe. Wengine mama yangu anasema hawachungi ng'ombe, wanachunga kivuli. Mti wenye kivuli kizuri utautambua kwa nyasi zilizokwisha kuuzunguka.

Upande wa ziwani kuna kishawishi ambacho watu wa Kishapu hawanacho. Septemba kila kitu kimekauka isipokuwa ukingo wa ziwa, ambako kuna kijani kibichi mpaka majini. Ng'ombe anakiona kutoka mbali, na mwenye ng'ombe pia. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi kimo ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960, sehemu ya kijani hicho ilikwenda chini ya maji pamoja na mashamba ya watu. Lakini mimi sababu yangu kubwa ni minyoo ya ini. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakifika kwenye maji vimelea huingia ndani ya konokono, vinakulia humo, kisha hutoka na kuganda kwenye majani ya ukingoni vikisubiri kuliwa. Mnyama anakula anashiba, halafu miezi inapita anakonda huku malisho yapo. Ukimshika chini ya taya unakuta uvimbe laini unaobonyea kama kifuko cha maji. Wachinjaji wanayajua maini ya ng'ombe hao, yanatupwa.

Kwa hiyo ng'ombe wetu hawashuki. Tumechimba lambo dogo kwenye mbuga, tumelizungushia miiba, na maji yanachotwa kwa ndoo kumiminwa kwenye birika la saruji. Ng'ombe mmoja wakati wa joto anataka lita 25 hadi 30 kwa siku, kwa hiyo unajua ni ndoo ngapi. Faida nyingine ilijitokeza yenyewe: ile njia waliyokuwa wakishukia kila siku, iliyokuwa imeanza kuwa korongo, sasa imeota ukoka.

Kuna jambo moja linalosemwa sana na si kweli, kwamba kuzungusha ng'ombe kwenye vitalu kunamaliza kupe. Kupe anaweza kukaa kwenye nyasi miezi mingi bila kula. Wiki tano za kupumzisha kitalu ni usingizi mfupi kwake. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, bado inaua ndama, kwa hiyo josho liendelee, na chanjo yake ipo, ng'ombe huchanjwa mara moja tu maishani.

Tumebaki na suala la idadi, ambalo ndilo gumu kwa sababu halihusu nyasi. Kupunguza mifugo Usukumani kulihubiriwa tangu Waingereza, tena kwa nguvu, na watu wakagoma. Mtu wa nje huona ukaidi. Lakini zizi la Msukuma lina ng'ombe wa aina nyingi: wa mahari ya binti aliyeolewa, wa mahari inayosubiriwa na kaka, wa shangazi aliyewekesha, wa jirani aliye Kahama. Kati ya ng'ombe 11 wanaolala kwetu, wanne si wetu. Ukimwambia mama auze watatu, kwanza aitishe kikao.

Tulichofanikiwa kukubaliana ni mwezi wa kuuza. Mnyama wa kuuzwa auzwe Juni, akiwa na mwili, mnadani bei ikiwa bado na adabu. Ukimsubirisha hadi Septemba, umemlisha miezi mitatu ili umuuze kwa bei ya ngozi, na majani aliyokula yalikuwa ya wenzake. Ada za shule na harusi zimetuvurugia mpango huo mara nyingi, kwa sababu shida hazisubiri Juni. Lakini angalau sasa anayeuza Septemba anajua anauza kwa hasara, na anasema hivyo mbele ya wenzake.

Mwaka huu mgogoro umekuja kwa mlango mwingine. Ni dengu. Dengu hupenda mbuga nyeusi, hupandwa mvua zikiisha na kuishi kwa unyevu uliobaki ardhini, na soko lake limewachangamsha watu. Baba mdogo anaitazama ngitili yetu anaona dengu.

"Ng'wanawane," yaani mwanangu, aliniambia, "unafuga majani."

"Baba mdogo, nafuga maksai wako wa kulimia hizo dengu."

Alicheka, ila hakuondoka kwenye hoja yake, na haikuwa hoja dhaifu. Hela ya dengu inaonekana. Hela ya ngitili haionekani, imo ndani ya miguu ya maksai. Tulikaa kikao, mama akiwa mwenyekiti ingawa hakuna aliyemchagua. Yamepatikana makubaliano: eka 1 ya upande wa chini kabisa, ambako maji husimama na nyasi si nzuri, inakwenda kwenye dengu kwa msimu mmoja. Masalia yote baada ya kupura ni ya ndama, hayauzwi wala hayachomwi. Eka 4 zinabaki zimefungwa hadi Julai, na faini ya kuingiza ng'ombe kabla ya hapo ni mbuzi, bila kujali aliyeingiza ni nani katika ukoo.

Kwa hesabu ile ile, eka 4 ni ng'ombe wawili na kipande. Mama mwenye ndama itabidi atafutiwe chakula kwingine, na mdogo wangu ameshaanza kuuliza bei ya mashudu. Baba mdogo mbegu anazo tayari.